Kiraka cha Daudi Kwenye Saa ya Memsabu

Pale stendi ya Korogwe yuko mama mmoja anayepika supu ya makongoro. Watu humzunguka tangu alfajiri, na nasikia wako wanaoshuka kwenye basi kwa ajili ya bakuli lake tu, basi likawaacha, wakabaki wanacheka. Mimi hupita upande wa pili wa barabara nimeziba pua kwa ncha ya khanga. Mjukuu wangu hunisema: "Bibi unaringa, supu yote hiyo!" Siringi, jamani. Kwato na ngozi ya ng'ombe zikichemka muda mrefu hutoa harufu nzito, tamu kidogo, inayonata kooni, na mimi harufu hiyo hunirudisha moja kwa moja kwenye banda la baba, mahali ambapo ngozi ilichemshwa ili iwe gundi.

Baba yangu alikuwa seremala kwenye shamba la mkonge nje kidogo ya Korogwe, enzi za Mwingereza. Alitoka kusini, mbali sana, akaja akiwa kijana kama manamba wengine, kukata mkonge. Mwiba ulipokaribia kumtoa jicho aliomba kazi nyingine, akapewa msumeno, na msumeno ukampenda. Mama alikuwa Mzigua wa Handeni, na kaka yake ndiye aliyetuletea ngozi kutoka kwa wafugaji wa nyikani kule, ngozi zilizokauka kiasi cha kusimama zenyewe kama mlango. Baba alizikata vipande, akaviloweka, akavichemsha kutwa nzima. Ule urojo uliobaki aliuchuja na kuuanika mpaka ukawa vipande vigumu vya rangi ya asali. Siku ya kazi aliyeyusha kipande ndani ya kopo lililosimama kwenye sufuria ya maji, maana gundi ile haitaki kuonana na moto ana kwa ana. Mbwa wote wa kambi ya manamba walimpenda baba kuliko walivyowapenda mabwana zao. Akienda kwa mnyapara, wanaandamana nyuma yake utadhani ni bwana harusi.

Alikuwa mpole, lakini kwenye gundi alikuwa mkali. "Mkono mbichi usiguse gundi!" Hiyo niliisikia kabla sijajua kusema shikamoo. Gundi ya ngozi ikishakauka ni ngumu kama kioo, hushika mbao miaka na miaka, lakini udhaifu wake ni maji na joto. Ukiilowesha na kuipasha inasahau kazi yake yote, inarudi kuwa uji. Kwa hiyo yeyote aliyesogea benchi la baba na mikono iliyotoka kuosha vyombo alikaripiwa, awe mtoto, awe mgeni, awe mama mwenyewe. Mama alikuwa akimjibu, "Haya, Baba Daudi, kaoe hiyo gundi yako."

Daudi alikuwa kaka yangu. Waliozaliwa kati yetu walikufa wachanga, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na watoto wawili, yeye kijana mwenye kuota ndevu na mimi bado naogeshwa kwenye karai. Alijifunza kazi kwa baba. Siku moja patasi ilimkata kidole gumba cha mkono wa kulia, mama akakifunga kwa utando wa buibui na kitambaa, huku akimgombeza baba kana kwamba ndiye aliyekuwa patasi. Kidonda kilipona kikaacha kovu la mlalo, katikati kabisa ya kidole. Daudi alilifanyia mchezo. Kila asubuhi alinibonyeza gumba lile kwenye paji la uso, taratibu, kama karani wa posta, na kusema, "Nimekupiga mhuri, Rehema. Sasa hupotei." Nilikuwa nalisikia lile kovu kwenye ngozi yangu. Hata sasa naweza kukuonyesheni lilipokuwa likigusa.

Saa ya memsabu ililetwa kwetu mara ya kwanza kabla vita havijatufikia. Memsabu alikuwa mke wa mwenye shamba, Mgiriki, na saa ilikuwa ya bibi yake, ya kuwekwa mezani, yenye mabega ya mviringo na mlango wa kioo mbele. Mashine yake haikuwa na neno. Kilichoharibika ni sanduku, na sanduku lile lilikuwa danganyifu. Baba alituonyesha: ndani ni mbao nyeupe ya kawaida tu, na juu yake limebandikwa ganda la mti wa thamani, jembamba kama la kitunguu, lenye mistari ya kahawia inayoteremka pamoja. Mvua za masika zilikuwa zimelifanya livimbe malengelenge, na ubavuni, karibu na chini, kipande cha ukubwa wa kiganja kilikuwa kimeng'oka na kupotea.

Baba alibandika upya yote yaliyovimba. Kile kipande kilichopotea alikikatia ganda jipya kutoka kwenye mbao yenye rangi ya kukaribiana, kisha akaitwa kuziba paa la ghala. Aliporudi alikuta Daudi ameshakibandika. Alikuwa amekigeuza. Mistari yote ya sanduku inateremka, ya kiraka inakwenda upande, mithili ya mtu aliyevaa vizuri kabisa akakosea kifungo kimoja. Na gundi aliyomwaga! Ilikuwa imevuja kila upande.

"Gundi si uji, Daudi," baba alisema.

"Itashika, baba."

"Itashika, ndiyo. Hata aibu hushika."

Memsabu alikuwa na harusi ya binti yake na hakuweza kusubiri, kwa hiyo saa ilikwenda hivyo hivyo na kiraka chake cha mlalo. Kabla haijaondoka ilikaa kwetu ikijaribiwa. Asubuhi, saa moja kamili, ikagonga mara saba, na mama akasema saa ile imelewa. Tulicheka sana asubuhi ile, wote wanne. Nikitaka kukumbuka nyumba yetu ilivyokuwa, huanzia hapo.

Kisha Daudi akachukuliwa Keya, jeshi la Mwingereza. Tulimsindikiza stesheni ya Korogwe na vijana wengine wa kambi. Mama alimfunga tu vifungo vya shati ambavyo vilikuwa vimeshafungwa. Mimi nilipigwa mhuri. Walipewa sare huko mbele ya safari, na lile shati jeupe aliloondoka nalo likaturudia kwa mkono wa mtu. Mama alilifua, akalipiga pasi, akalikunja. Jumamosi iliyofuata akalikunjua, akalipiga pasi tena. Ikawa ndiyo kazi yake ya Jumamosi. Alitia makaa kwenye pasi, akayapepea mpaka yawake, akakaa chini mlangoni na kunyoosha shati ambalo halikuwa na hata kunyanzi moja.

Tarishi wa boma alikuja mchana, yeye na mnyapara, akavua kofia kabla ya kusalimia. Watu wazima wakajua papo hapo. Alisema Daudi amefia Burma, vitani. Mama alikuwa anasonga ugali.

"Nani kamzika?" aliuliza.

"Mama, ni mbali kule. Ni msituni."

"Nimekuuliza nani kamzika."

"Sijui, mama."

"Basi hujui," mama akasema, akarudi jikoni kugeuza ugali usiungue.

Jioni majirani walianza kuja, akina mama wamejifunga khanga viunoni, wako tayari. Mama aliwakaribisha. Aliwapa chai. Akawauliza habari za mahindi yao, kama panya wamepungua, kama mtoto wa Mama Zena ameanza kutembea. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo na wa mbali wakaingia. Sasa mfiwa anamimina chai, utaanzia wapi? Waliondoka na vilio vyao vifuani. Mama Zena, ambaye Daudi alimtengenezea kitanda na hakuwahi kusema lolote jema juu ya kitanda kile, alifika nyuma ya nyumba yetu akasimama ameshika ukuta, mkono mdomoni asisikike.

Baba naye hakulia. Alikwenda bandani kuchochea moto, akarudi macho mekundu, akasema ni moshi. Nilimwamini. Siku nyingine alirudi macho mekundu na moto haujawashwa, nikaamini vile vile.

Kijijini kwao baba, kusini, mtu akifia ugenini na mwili usirudi, ndugu huchukua kitu kilichopita mikononi mwake, wakakizika kwa heshima zote. Watu wakalia, wakanyoa nywele, wakaanza tena kuishi. Baba aliomba lile shati. Nilikuwa nimelala ubavuni mwa mama, nikasikia jinsi alivyomwomba, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba maji kwenye nyumba ya watu.

"Shati la mtu aliye hai halizikwi," mama alijibu.

"Mama Daudi, tutakaa hivi mpaka lini?"

"Mpaka arudi avae."

Basi tukakaa hivyo. Vita vikaisha. Waliorudi wakarudi na makoti yao mazito, wakapita kambini wakisimulia, na kila aliyepita mama alimtolea kiti, akamtazama mikono. Hakuwahi kumwuliza hata mmoja. Baba alikonda. Alikuwa akiniita jina langu kisha anasahau alichotaka kuniambia. Nyumba yetu ilikuwa na ukimya wa ajabu, si wa amani wala wa ugomvi, na mimi nilijifunza kutembea kwa vidole ndani yake.

Baada ya masika ya mwaka ule saa ya memsabu ilirudi. Paa la nyumba ya memsabu lilivuja tena, na safari hii sanduku lilikuwa na hali mbaya kuliko mwanzo. Ganda lilikuwa limejikunja, limepasuka, mabegani linaning'inia kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Kila alipobandika baba palikuwa pameachia. Kiraka cha Daudi peke yake kilikuwa kimekaa palepale, hakijainua hata ukingo. Baba alipitisha ukucha pembeni mwa kiraka, akazunguka nao pande zote, akitafuta mahali pa kuingia. Hapakuwepo. Akatikisa kichwa na kusema, "Gundi si uji," na nusura acheke.

Lakini memsabu alikuwa ameagiza jambo moja, na mtumishi wake alilirudia mara mbili ili fundi asisahau: kile kiraka cha mlalo kitoke, kiwekwe kinachofanana na wenzake. Alikuwa mwanamke muungwana, na saa ni yake.

Baba alifanya kila kitu kwanza. Alitoa mashine akaifunga kwenye kitambaa. Alibandika mabega, akayakandamiza kwa mifuko ya mchanga wa moto, akayafunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Alisugua msasa mahali ambapo hapakuhitaji msasa. Kiraka alikiacha. Kazi ilisimama, ikawa anaingia bandani na kutoka. Mwisho alikuja mlangoni kwa mama. Ilikuwa Jumamosi, na pasi ilikuwa imeshawaka.

"Nipe pasi, Mama Daudi. Nataka kung'oa kiraka."

Ganda lililoshika namna ile halibanduliwi kwa patasi, litavunja na mbao iliyo chini. Huwekewa kitambaa kilicholoweshwa, ikapitishwa juu yake pasi ya moto, mpaka mvuke upenye na gundi iachie. Mama alijua hayo. Alijua pia kwamba gundi ikigusa pasi itachafua shati. Alikataa. Baba akasimama pale pale. Hatimaye mama aliinuka, akasema hampi mtu pasi yake, atapiga mwenyewe. Akaenda nayo bandani, mimi nyuma yao.

Mama alipiga pasi kile kitambaa kibichi kwa uangalifu uleule wa shati. Mvuke ukapanda na ile harufu. Baba alishikilia sanduku. Mama akalowesha tena, akapitisha tena, mikono yake imelowa na kupata moto, na polepole ukingo wa kiraka ukaanza kujiinua. Baba akaingiza kisu cha bapa chini yake. Kilitoka kizima. Aliligeuza sanduku ili aone kama upande wa ndani mbao imepasuka, na jua la adhuhuri likaingia mahali ambapo kwa miaka yote palikuwa na mashine na giza.

Ndani, nyuma ya kiraka, palikuwa na tone la gundi. Gundi ile nyingi ya Daudi ilikuwa imepenya kwenye ufa na kutokea upande wa pili, naye, kabla haijakauka, alikuwa ameibonyeza kwa kidole isichuruzike. Tone lilikuwa la rangi ya asali, linang'aa. Juu yake palikuwa na alama ya kidole gumba, mistari yote imetokeza, na katikati kovu la mlalo.

Baba alisema kwa sauti ndogo sana, "Mama Daudi. Njoo uone."

Mama aliweka pasi chini. Aliinama, akatazama muda mrefu. Sijawahi kuona uso wa mama ukiwa hivyo, si kabla wala baada. Kisha akaingiza mkono ndani ya sanduku, akaweka kidole gumba chake juu ya kile cha mwanawe. Nilimwona baba akifungua mdomo. Akaufunga.

Mama alikaa vile, amefumba macho, midomo yake inasema maneno nisiyoyasikia, ya Kizigua, yale anayoambiwa mtoto mdogo anapobembelezwa alale. Alipoutoa mkono, kidole kilitoka na utelezi. Tone lilikuwa limelainika. Alama ya Daudi haikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na alama ya kidole cha mama.

Alitazama kidole chake. Akatazama ndani. Akapiga yowe moja, ambalo watu wa kambi ya pili walisema baadaye kwamba walidhani ni nyumba inaungua. "Mwanangu! Daudi mwanangu amekufa!" Akaanguka kwenye maranda ya mbao. Mama Zena alikuwa wa kwanza kufika, akijua bila kuuliza, naye akaachia kilio chake alichokitunza tangu siku ya tarishi, na nyuma yake wengine, na wengine, mpaka banda halikutosha. Baba alikaa chini na kumkumbatia mama, akalia kwa sauti, mbele za watu. Hakusema ni moshi.

Jioni ile mama mwenyewe alileta shati. Alilitandaza, akaweka juu yake kile kiraka, baba akakwangua lile tone lililobaki kwa patasi na kuliweka hapo hapo, mama akakunja. Kuzika kwenye ardhi ya shamba hatukutaka, maana tulikuwa tunaishi juu yake kwa ruhusa ya mtu. Tulipanda lori la mahindi hadi Handeni, kwao mama, na mjomba akatuonyesha mahali karibu na kaburi la bibi. Kaburi lilikuwa dogo, kama la mtoto mchanga. Tulinyolewa. Nakumbuka upepo kichwani na aibu ya kuwa na upara, na mama akinipitishia mkono kichwani na kunitazama kana kwamba amerudi kutoka safari.

Baba alimalizia saa. Ganda jipya alilikata mwenyewe, mistari ikiteremka pamoja na mingine, akalipaka rangi na vanishi mpaka hata yeye alilazimika kulitafuta kwa ncha ya kidole. Memsabu alipoichukua alipitisha kiganja ubavuni, akatabasamu, akasema haioni kabisa ile sehemu, ni kama haikuwahi kuwepo. Baba akashukuru. Akabeba msumeno wake akarudi nyumbani kwa miguu, na mbwa wakamfuata.

Miaka mingi nilidhani niliona bahati mbaya siku ile. Nilidhani mama, kwa mapenzi, aliharibu kitu cha mwisho alichotuachia Daudi, na nilimlaumu kimoyomoyo, kwa sababu mimi sikupata hata kuligusisha paji langu la uso kwenye ule mhuri. Mama aliondoka duniani kabla sijapata akili. Baba alimfuata. Baada ya matanga nilikuwa naosha vyombo, nikaitwa kupanga vitu vya bandani. Juu ya benchi nikakuta kipande cha gundi, kimekauka, rangi ya asali. Nikakinyooshea mkono, na kabla sijakigusa nikaurudisha nyuma ghafla, maana niliisikia sauti yake masikioni kama zamani: mkono mbichi usiguse gundi!

Nikasimama pale maji yakinidondoka vidoleni. Siku ile ya kiraka baba hakukaripia. Alikuwa karibu na mama kiasi cha kumshika kiwiko. Aliijua gundi kuliko alivyojua maombi yake, aliona mikono ile ilivyolowa na joto lilivyoingia kwenye mbao, na alama ile ya kidole ilikuwa ya mwanawe pia, naye hakuwa ameigusa. Alifungua mdomo, akaufunga, akamwachia mama aanze kulia.